Kraków kwa Miguu, Mama Mkwe Nyuma

Sipendi matembezi. Aliyenichosha nayo ni bosi wangu, mzee wa Kipolandi aliyekuwa na duka la kutengeneza saa hapa Lubumbashi, enzi zile ikiitwa Elisabethville. Kila Jumamosi tukishafunga duka alinisindikiza hadi karibu na Kamalondo, nilikokaa, na njia nzima alinitembeza Kraków, mji wa kale alikozaliwa. Posta yetu ilikuwa soko la vitambaa. Kanisa letu lilikuwa kanisa la minara miwili isiyolingana, na mnara uliokosekana niliambiwa niuone kwa macho ya moyo. Lile lundo jeusi la mabaki ya shaba, kando ya bomba refu la kiwanda, lilikuwa kilima cha kasri ya wafalme, na chini yake liliishi joka.

"Joka ilikula kondoo ya bantu yote," alisema kila Jumamosi, kana kwamba sijawahi kuisikia. "Bakamupa kondoo yenye kujaa kiberiti. Akakunywa maji ya mutoni mpaka akapasuka!"

Moshi wa kiwanda ulinuka kiberiti hichohicho. Nilimwuliza mbona sisi tunaovuta moshi huo kila siku hatujapasuka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilitaka kwenda kula.

Kisha mkoa wetu wa Katanga ukajitenga na nchi, na sisi wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, tukaambiwa si wa hapa, ingawa baba yangu amezikwa hapa. Majirani walianza kukimbilia kambi iliyolindwa na askari wa kigeni wenye kofia za buluu, nje ya mji. Siku yetu ilipofika, lori lilijaa mpaka nafasi iliyobaki ikawa moja, karibu yangu. Mama mkwe wangu aliitazama nafasi ile, akakataa kupanda. Kwetu mtu hakai karibu na mama mkwe wake, hamtazami usoni, hasemi naye, sembuse kumgusa. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Basi nikashuka mimi ili yeye apande, lakini dereva alikuwa ameshaondoa lori. Mke wangu alipiga kelele kutoka juu, watoto wamemshika: "Usikuje bila mama!"

Nilihitaji mtu wa kutembea katikati yetu na kupeleka maneno, na mtaani hakuna aliyebaki wa kumwomba. Nilikwenda kwa bosi. Alivaa kofia, akachukua fimbo, akanibebesha saa kubwa ya ukutani ili nionekane mtumishi anayepeleka kazi ya mzungu. Nilimweleza habari za mama mkwe mara mbili. Akatikisa kichwa kwa furaha, na hapo ningepaswa kujua kwamba hajaelewa kitu.

Tukaondoka, mimi mbele na saa kichwani, bosi katikati, mama mkwe mbali nyuma na beseni lake. Bosi hakuweza kunyamaza. Ana wasikilizaji wawili sasa!

"Sogea, mama! Utasikia namna gani?" alimwita, na mama mkwe akazidi kubaki nyuma.

Nikisimama kupumzika, naye anasimama na kunigeuzia mgongo. "Mwambie tafadhali aongeze mwendo," nilimwambia bosi. Bosi alipaza sauti. Mama mkwe aliujibu mti wa kando ya njia: "Umuambie jua iko mukali." Nilichoka miguu, nilichoka shingo, na zaidi nilichoka kusikia habari za wafalme waliokufa. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya kambi tulisimamishwa na askari wa Katanga. Watu wa Kasai waliotolewa pembeni pale, wengi hawakuonekana tena. Bosi alimwanzishia askari habari za joka, akamwonyesha bomba la kiwanda kwa fimbo. Askari alicheka. Akaitazama saa, akatufanyia ishara tupite. Kisha akamwona mama mkwe kule nyuma, ametugeuzia mgongo.

"Na ule mama? Ni wa nani?"

"Ni mama yake huyu," alisema bosi, akinigusa bega. Kwake kila mwanamke mzee alikuwa mama ya mtu fulani. Nilitamani kumpasulia ile saa kichwani.

Askari aliacha kucheka. Naye alikuwa na wakwe, ilionekana usoni, na alijua anayemgeuzia mwanamume mgongo ni mkwe, si mama mzazi. "Mama yako anakupatia mugongo?" aliniuliza polepole. "Basi enda umukamate mukono, mukuje naye apa."

Nilitua saa chini. Njia ile ilikuwa fupi, na sijapata kutembea njia ndefu kama ile. Alisikia viatu vyangu akaanza kuingia majanini, kama adabu inavyotaka. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikasema, kwa mdomo wangu mwenyewe, "Mama," nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu na mwepesi. Hakuunyofoa. Tulipita mbele ya askari hivyo, macho yetu chini, na bosi akatupungia kofia akarudi zake mjini, ameridhika kwamba ziara imekwenda vizuri.

Aibu ya namna ile kwetu huoshwa kwa kumpa mkwe mbuzi. Kambini hapakuwa hata na kuku. Mke wangu alining'iniza kitenge katikati ya hema, mama yake upande mmoja, mimi upande wa pili, na nilikaa pale siwezi kuinua kichwa. Nilijua nimemvunjia heshima mwanamke aliyenipa mke. Jioni sahani ya bukari, ugali wetu, ilisukumwa chini ya kitenge. Nilidhani ni mke wangu, lakini yeye alikuwa nje akitafuta maji.

"Umechoka, mwanangu," ilisema sauti ambayo haikuwahi kusema nami tangu nioe. "Kula."