Kichuguu cha Nyanya

Mnisamehe mwandiko mbaya na herufi nilizokosea. Niliishia darasa la nane. Juzi hapa Chakol mjomba alichimba kichuguu cha marehemu nyanya mpaka chini, afyatue matofali ya kuuza. "Udongo ni udongo tu," aliniambia. Hasira yangu haijaisha.

Nikiwa mdogo, mvua ilipokatika mchana, tulipiga vijiti ardhini, tak tak tak, kumbikumbi wakatoka. Udongo ulinukia vizuri. Nyanya alifunika nusu ya matundu ya kichuguu kwa blanketi kuwanasa. Wengine waliruka.

"Nyanya, mbona unatunyima?" nililia.

"Nyamaza, mlafi wewe. Hao wanaenda kuanza vichuguu vingine. Mwaka ujao utakula nini?"

Nilimwona mchoyo.

Jana mvua ilikatika. Nilipiga vijiti kando ya shimo la mjomba mpaka mikono ikauma. Kama kwenu kumbikumbi bado wanatoka, niandikieni.