Siku Osundwa Alipomkalisha Kanali Kigodani

Mkitaka kumjua Osundwa, msimuulize mwenyewe. Atawapa habari za jeshi mpaka obusuma, ule ugali wetu, ipoe. Niulizeni mimi, Muhonja, mjane wa rafiki yake Isaiah. Na nawaonya mapema: mimi kusamehe sijui, wala sina haja ya kujifunza.

Osundwa na mume wangu waliingia jeshini pamoja, wakapelekwa kambi moja ng'ambo ya mpaka. Osundwa alikuwa sajini. Alimwambia mkuu wao, Kanali Mathew, kwamba upande wa mashariki hauna handaki, adui akija atapita tu kama mtu anayeingia sokoni. Kanali akamjibu aache woga wa kike. Woga wa kike! Adui alikuja alfajiri, upande huohuo. Isaiah ndiye aliyeshika redio, akamwomba Kanali msaada kule makao makuu mpaka sauti ikamkauka. Osundwa alitoka na kipande cha chuma kwenye nyonga. Isaiah aliletwa kwangu ndani ya sanduku lililopigwa misumari.

Sasa sikieni. Kwetu maiti hazikwi bila kuonwa. Watu hupanga mstari, hata wale waliogombana naye, wakamtazama uso. Kanali akasimama kwenye boma letu na glavu zake nyeupe, akasema sanduku halifunguliwi, ni amri. "Alikufa papo hapo, mama. Hakuumia." Mama mkwe wangu alipiga zile mbao kwa viganja mpaka wakamwondoa. Tukazika sanduku.

Ikafika siku ya kunyolewa. Kwenye ukoo wetu, kabla wembe haujagusa kichwa cha mjane, yule aliyejua mwisho wa marehemu hukalia kigoda katikati ya watu na kueleza kilichomuua. Yeyote anaweza kumuuliza, naye hainuki mpaka watu waridhike. Nilimtaka Osundwa akae. Akakataa, machozi yakimtoka. "Shemeji, mimi niliburutwa nje Isaiah akiwa bado anaongea redioni. Mwisho wake anaujua Kanali, aliyekuwa akiitwa." Basi Mzee Hezekiah, baba mdogo wa marehemu, akarudisha wembe mfukoni. Nikabaki na nywele zangu. Na mjane ambaye hajanyolewa haingii boma la mtu. Harusi ya dada yangu niliisikiliza nikiwa nje ya ua.

Osundwa akaacha jeshi. Redio moja ndogo hapa mjini Kakamega ikampa kazi, na kiguu chake hichohicho akarudi vitani, safari hii na kinasa sauti. Alitutumia habari kutoka jangwani, akatutumia kutoka misitu ya Kongo. Na kila habari aliimalizia kwa madai yaleyale: jamaa waruhusiwe kufungua sanduku, na mkuu anayepuuza onyo ashtakiwe mbele ya raia, si mbele ya wenzake anaokunywa nao. Wakubwa walimwita msaliti. Yeye akacheka. "Jeshi nalipenda, shemeji. Ndiyo maana nataka kulitoa chawa." Kila akirudi salama namchinjia ingokho, kuku wa heshima, nampelekea mpaka mlangoni kwake, nabaki nje, namuuliza, "Umempata Kanali?"

"Bado."

Kumbe alikuwa anajileta mwenyewe! Kanali alistaafu, akarudi kwao Kabras, akataka ubunge. Picha zake zikajaa kuanzia Malava mpaka mjini, ametabasamu kama bwana harusi. Nilipoiona ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Tumwalike," nikamwambia Osundwa.

"Aje kufanya nini?"

"Kumkumbuka Isaiah. Mgombea gani huyo atapita hema lenye watu?"

Akaja, koti limejaa medali. Huyu mtu alikulia kambini, mila za nyumbani alizijua za kupigia picha tu. Osundwa alikuwa ameweka mitambo, redio ikirusha moja kwa moja. Kanali akaomba kusema, akajipangusa macho makavu. "Isaiah alikuwa mwanangu. Nilikuwa naye mpaka pumzi ya mwisho."

Amejitaja mwenyewe kuwa anaujua mwisho! Mzee Hezekiah akaenda ndani akaleta kigoda.

"Basi keti, afande. Tumekungoja sana."

Akaketi huku akitabasamu. Alidhani anaheshimiwa, pole yake! Osundwa akachechemea mpaka mbele yake na kipaza sauti.

"Afande, Isaiah alipokuita kwenye redio, ulimsikia?"

"Hayo ni mambo ya usalama, hayawezi..." Akaanza kuinuka.

"Keti!" Wanawake wote. Haki ya Mungu, hata mimi sikujua tuna sauti kama ile. "Umekikalia mwenyewe! Hujamaliza!"

Akatazama walinzi wake. Wao ni watoto wa hapahapa, wanajua kigoda ni nini. Hakuna aliyesogea.

"Nilimsikia," akasema mwishowe, jasho likimchuruzika. "Nikadhani ni ule woga wa Osundwa. Nikazima."

Osundwa hakukiondoa kipaza sauti. Ndipo mama mkwe wangu akauliza, polepole, "Na ndani ya lile sanduku mlimtia nani?"

Kanali akaangalia viatu vyake. "Sijui, mama. Sikuangalia."

Basi kilichomuua kimeshasemwa, watu wakaridhika. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya Mzee Hezekiah, palepale karibu na kigoda, akaninyoa kichwa chote. Nikaziokota nywele zangu kutoka mchangani, nikamwendea Kanali, nikazishindilia mfukoni mwa koti lake, chini ya medali.

"Ulisema ni mwanao," nikamwambia. "Beba na msiba wake."

Alizibeba. Na Osundwa alikuwa bado hajazima kipaza sauti.