Mtumbwi Katika Ziwa la Tabitha

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilitoka Magu bila kujua niendako. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano. Kazi sina, mke sina, nina miguu tu na macho ya kutaka kujua kila kitu. Nikafuata barabara hadi Kisesa. Pale nikaona watu wanaingiza picha ukumbini, nikaingia nyuma yao. Mzururaji habishi hodi. Kabla sijauliza kuna nini, nikapewa nyundo na misumari nisaidie kutundika picha za maonyesho.

Wachoraji walikuwa wanne, na hakuna aliyefanana na mwenzake. Mmoja alichora twiga kwa rangi za baiskeli, macho makubwa kama sahani. Mwingine alichora miduara mitupu. Ukimuuliza ni nini, anacheka. Malimi alichora samaki hata ukatamani kuwakwangua magamba. Na Tabitha, binti wa Nansio, alileta picha moja tu: ziwa la kijivu, tupu, toka ukingo hadi ukingo.

"Dada, ziwa halina hata bata?" Malimi akamtania. "Mkono mtupu haulambwi. Ziwa tupu je?"

"Wewe baki na sato wako," Tabitha akamjibu, akatoka kwenda kunywa chai.

Aliporudi, katikati ya ziwa lake palikuwa na mtumbwi, na ndani yake mtu anapiga kasia. Malimi alikuwa anapangusa brashi, anatabasamu kama aliyetoa sadaka.

"Nimekusaidia, dada. Sasa picha imepata uhai."

Tabitha hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Kaka yangu Deusi alikwenda kuvua dagaa," alisema. "Hakurudi yeye, haukurudi mtumbwi. Hatujazika mtu. Nilipaacha patupu kwa sababu ni patupu."

Kisha yule wa miduara akasema, "Basi samehe, dada. Mbona mtumbwi umechorwa vizuri?"

Nilitupa nyundo sakafuni. Vizuri! Mwanangu, mvi zimejaa kichwani na hasira ile haijapoa, wala siiombei ipoe. Msiba wa mtu unatiwa kasia pamoja na mtu wa kupiga kasia, halafu mwenye msiba ndiye anaombwa asamehe, tena upesi, wageni wasije wakakuta watu wamenuna!

Malimi alileta kitambaa chenye mafuta ya taa, akitaka kuufuta ule mtumbwi. Tabitha akasimama mbele ya picha.

"Usiiguse tena. Utaniondolea na ziwa."

Akaishusha mwenyewe. Hakuna aliyenyoosha mkono, wote walikuwa wanatazama misumari yao. Mimi nikashika upande wa pili, tukaondoka, tukashuka Mwanza, tukapanda feri kwenda kisiwani kwao. Rangi ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo hatukuweza kuifunika.

Nansio sikuwa nimefika maisha yangu. Mama yake alitukuta uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni."

Kisha akaiona picha. Akainama, akasogeza uso karibu kabisa na kile kijitu cha Malimi.

"Wamemwona wapi?" akauliza.

Nilitamani Malimi awe amesimama pale, amjibu yeye kwa mdomo wake. Jioni ile mama yule alinipa chumba cha Deusi nilale. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Sasa nasikia wewe na wenzako mnataka kutundika picha zenu pamoja pale mjini, kila mmoja na mtindo wake. Tundikeni. Tanianeni, bisheni, hata mchekane, mradi iwe uso kwa uso. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ukiona pengo katika kazi ya mwenzako, muulize. Huenda hapo ndipo alipoweka kila kitu. Brashi yako iishie ukingoni mwa turubai lako. Na siku mwenzenu akiharibiwa kazi yake, usiwe wa kwanza kumwambia asamehe. Kasirika naye, kisha shika upande wa pili mbebe.

Mungu aubariki mkono wako kila unapochora, mwanangu, na auzuie pale usipoitwa.