Siku Niliyoilazimisha Taa ya Valvu Iwake

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, baridi ya Eldoret ikiwa ile ya kukufanya uvae sweta mbili ndani ya ovaroli, nilipoitwa kwenda kuangalia valvu iliyokuwa imekataa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa fundi wa kike pekee katika karakana ya kiwanda cha maziwa, na mwanangu, sitakuficha, nilitaka kila mtu ajue kwamba namaliza kazi haraka kuliko wanaume wote pale.

Wewe unaanza kazi ya ufundi mwezi ujao, ndiyo maana nakusimulia haya. Umesoma kuliko mimi, na vifaa mnavyotumia siku hizi ni vizuri kuliko vyetu. Lakini valvu bado ni valvu, na mtu anayeungua bado anaungua vilevile.

Pale kiwandani, maziwa yakishapita, mabomba huoshwa kwa maji moto yaliyotiwa soda kali. Yakikugusa, ngozi inatoka. Kwa hiyo kuna valvu za kufunga njia, maji hayo yasiende pasipotakiwa. Juu ya kila valvu kuna kisanduku chenye swichi ndogo ndani. Valvu ikifunga hadi mwisho, kipande cha plastiki kilichofungwa kwenye shina lake huzunguka na kuibonyeza swichi, na kule kwenye paneli ya kuendeshea mitambo taa ya kijani inawaka, maana yake njia imefungwa. Taa isipowaka, pampu ya kuoshea haianzi. Swichi yenyewe haizidi kiberiti kwa ukubwa, lakini ndiyo inayomwambia mtu kama ni salama kutia mkono wake.

Asubuhi hiyo taa ya valvu moja haikuwaka. Tangi halikuwa limeoshwa, na nje ya geti magari ya maziwa kutoka Kaptagat yalikuwa yameshapanga foleni. Supavaiza alikuja karakana mara mbili kuuliza. Mkubwa wetu, Mzee Kiprono, alikuwa kwenye boila ya kutengeneza mvuke, upande wa pili. Nikachukua bisibisi, nikaenda peke yangu.

Mwezi huo nilikuwa nimekuta tatizo hilo mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa ni maji. Kisanduku kinapashwa moto na mvuke, halafu kinapoa kwa hii baridi yetu, maji yanajikusanya ndani na nyaya zinashika kutu. Kwa hiyo nilifika pale nikiwa tayari na jibu. Nikafungua kifuniko. Ndani kulikuwa kukavu kabisa. Nyaya zilikuwa safi, skrubu zimekazwa.

Mtu mwenye busara angesimama hapo ajiulize. Mimi nilisikia tu honi za magari nje. Nikaona kile kipande cha plastiki kimebakisha kidogo kuifikia swichi, upana wa ukucha hivi. Nikawaza kwamba kimelegea kwa sababu ya kutetemeka. Nikalegeza skrubu yake, nikakizungusha mpaka kikagusa, nikakaza. Mtu kwenye paneli akapaza sauti, "Imewaka!" Pampu ikaanza. Nilikuwa nimetumia dakika kumi, na nakiri kwamba nilijisikia fundi kweli kweli.

Mama Jerop alikuja nikiwa bado nakusanya vifaa. Alikuwa mama wa mtaa wa Kimumu, mwendeshaji wa mitambo kwa miaka mingi, na nilipoanza kazi pale yeye ndiye aliyenionyesha mahali pa kubadilishia nguo wakati wanaume walikuwa wananicheka tu. Kazi yake saa hiyo ilikuwa kufungua chujio lililo mbele ya valvu hiyo, upande ambao maji ya kuoshea hayafiki valvu ikiwa imefunga, na kulisafisha, huku tangi likioshwa.

"Wambui, imepona?"

"Imepona, mama. Ilikuwa shida ndogo tu."

"Na imefunga kabisa? Maana nataka kufungua chujio."

Sikugeuka hata kuitazama valvu. Nilitazama taa ya kijani, ile ile niliyoilazimisha mwenyewe.

"Imefunga. Endelea."

Alipolegeza kifuniko cha chujio, yale maji yalimrukia mkononi na kwenye paja. Mwanangu, sitakueleza ile sauti. Tulimvua ovaroli, tukammwagia maji baridi kwa mpira muda mrefu sana, mpaka gari likaja kumpeleka hospitali. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mpira. Aliniangalia mara moja tu.

Mchana tuliitwa ofisini. Supavaiza alisema Mama Jerop amezoea kazi mno, kwamba bila shaka alifungua chujio bila kuangalia taa. Meneja akaandika. Na mimi, niliyejua kwamba aliangalia taa, na kwamba juu ya kuangalia aliniuliza, nilinyamaza. Kosa la asubuhi lilikuwa la haraka na ujinga wa ujana. La mchana nililifanya nikiwa nimekaa kwenye kiti, akili zangu zote ziko timamu. Ndilo linaloniuma zaidi hadi leo.

Mzee Kiprono alisikiliza hadi mwisho. Alitoka, akaenda moja kwa moja kwenye valvu, nami nikamfuata kwa sababu sikujua pa kwenda pengine. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuongea kidogo. Alikuwa na tabia ya kuweka alama ya rangi nyekundu ya kucha, ya mke wake, kwenye kila kipande cha plastiki alichokipanga, ili kikisogea ajue. Akafungua kifuniko, akaona alama yake imehama.

"Nani amefungua hii?"

"Ni mimi, Mzee."

"Ulipata maji ndani?"

"Hapana. Kulikuwa kukavu."

"Sasa kama kulikuwa kukavu, ulitengeneza nini?"

Nikasema, "Nilizungusha mpaka taa ikawaka."

Hakunifokea. Alifunga hewa ya kompresa inayoisukuma valvu, akahakikisha bomba halina presha na limepoa, akaniambia nishike spana upande mmoja. Tukaitoa valvu. Ndani, pale inapokalia kufunga, kulikuwa na kipande cha gasketi, ule mpira wa kuziba maungio ya mabomba, kilichokatika mahali fulani na kusafiri na maziwa. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mahindi. Hicho ndicho kilichoizuia valvu kufika mwisho.

Akakiweka kwenye kiganja changu.

"Swichi ilikuwa nzima," akasema. "Tangu asubuhi ilikuwa inawaambia valvu haijafunga. Ilikuwa inasema ukweli, wewe ukaikataza."

Nilianza kulia. Akaningoja nimalize, kisha akasema, "Huko ofisini wanaandika kwamba yule mama ni mzembe. Utaenda wewe useme, ama niende mimi?"

Nilienda mimi. Nilisema yote, pamoja na lile neno "endelea". Nilisimamishwa kazi wiki sita. Nyumbani, mtaa wa Munyaka, baba yangu hakuongea nami siku mbili, na majirani waliuliza mbona siendi kazini.

Mama Jerop alipotoka hospitali nilimtembelea kwake. Alikuwa amekaa sebuleni, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

"Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikuuliza na wewe ndiye fundi. Ningeuliza nani mwingine?"

Nikamwomba msamaha. Hakuniambia yameisha, wala sikutegemea aseme hivyo. Aliniambia tu, "Nimesikia ulienda kusema. Walikuwa wameshaanza kuniandikia barua ya kunifukuza." Kisha akamwita binti yake anisindikize mlangoni.

Alirudi kazini baada ya miezi, lakini vidole viwili havikunyooka tena, kwa hiyo wakampeleka maabara kupima maziwa. Ilichukua karibu mwaka kabla hajaniita tena kwa jina langu. Nilikubali kungoja.

Niliporudi karakana, Mzee Kiprono alinianzisha upya kama mtu ambaye hajawahi kushika bisibisi. Kwa miezi mitatu hakuniruhusu kufungua kisanduku chochote kabla sijamweleza valvu yenyewe inafanya nini. "Umeiona ikitembea?" aliuliza kila mara. Kama sijaiona, ananirudisha.

Sasa mwanangu, shika haya. Taa ikikataa kuwaka, kazi yako siyo kuiwasha. Kazi yako ni kujua kwa nini haiwaki. Anza na valvu kabla ya swichi. Litazame shina lake linavyozunguka, uone kama linafika mwisho, upime kama hewa inayoisukuma inatosha. Ukishaona kwa macho yako kwamba valvu imefunga kweli na bado taa haiwaki, hapo ndipo ufungue kisanduku, uangalie maji, kutu, waya uliolegea. Kusogeza kile kipande cha plastiki kuwe jambo la mwisho kabisa, na ukishakisogeza, andika kwenye kitabu, weka alama yako, kisha ifungue valvu na kuifunga mara kadhaa mtu akiwa kwenye paneli. Na usingoje taa ikatae. Wakati mashine zimesimama, pita ukakaze skrubu, ubadilishe mpira wa kifuniko ukichoka, uzibe pale waya unapoingilia. Ni kazi ya kuchosha ambayo hakuna atakayekupongeza kwayo.

Usije ukaunganisha waya kuipita swichi ili taa iwake tu, kwa sababu magari yanangoja. Maziwa yakiharibika yanamwagwa, na kesho ng'ombe wanakamuliwa tena. Na mtu akikuuliza, "Imefunga?", nenda uangalie kwanza hata kama una hakika. Ukikosea, na utakosea, useme kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona kilichopo, siyo unachotaka kiwepo. Akupe mkubwa wa kazi mvumilivu kama yule wangu. Akulinde mikono yako, na alinde mikono ya kila atakayeifungua mashine kwa kuamini neno lako, jioni wote mrudi kwenu wazima.