Ukijani wa Bwawa la Mtondoo

Watu wa Tingi waliomjua Moza binti Fakihi hubishana juu ya mambo mengi, lakini kwa hili hawabishani: mwanamke yule hakusahau kitu. Ukimkanyaga mguu ngomani mwaka wa nzige, atakukumbusha mwaka wa njaa, na atachagua siku ambayo wakwe zako wapo. Hakuwa mtu mbaya. Alimpelekea mgonjwa uji bila kuombwa na msibani alikuwa wa kwanza kushika mchi. Ila ukimkosea, basi umemkosea mpaka kaburini.

Aliyemkosea kuliko wote ni Likwata, mumewe. Mwaka 1948 alimpa talaka tatu kwa mkupuo mmoja, asubuhi, Moza akiwa na unga wa muhogo mpaka viwikoni. Kabla eda haijaisha akaoa Samia, msichana mpole kutoka Kitomanga, akamjengea nyumba ng'ambo ya bwawa la Mtondoo, mahali ambapo Moza akiinama tu kuteka maji anauona moshi wa jiko la mwenzake. Mwanamume mwenye akili angejenga mbali. Likwata akili hiyo hakuwa nayo.

Kaka yake Moza alimwita arudi nyumbani kwao. Moza akakataa, maana alijua dada aliyeachwa huwekwa wapi: kona ya jikoni, na sahani ya mwisho. Alikuwa na mbuzi jike mmoja aliyeachiwa na marehemu mama yake. Akamtunza huyo, akazaa, wakazaliana, na kufika mwaka 1950 zizi lake lilikuwa na mbuzi tisa. Mbuzi wale ndio waliompa sauti. Kwa ajili yao aliweza kusimama mbele ya mwanamume yeyote na kusema hapana. Beberu mmoja mwenye ndevu na tabia chafu alimpa jina la Likwata, ili apate raha ya kumfokea kila jioni.

Sasa, maji ya Mtondoo yana utaratibu wake. Kiangazi kikikolea, watu hawanywi maji ya bwawa lenyewe. Hufukua shimo mchangani, hatua chache kutoka ukingoni, maji yakajichuja na kuingia taratibu, meupe na baridi. Aliyefukua ndiye mwenye shimo mpaka mvua zirudi, na asiye na shimo hupiga hodi kwa mwenye nalo. Ni kazi ya wanaume, kwa sababu mwezi wa kumi shimo humzidi mtu kimo na kingo zake huporomoka. Moza alifukuliwa lake na kaka yake. Mifugo, yenyewe, hunywa bwawani.

Oktoba ile joto lilikaa bila kupepesuka. Maji ya bwawa yakaota utando wa kijani, mzito kama mlenda, na upepo mdogo wa asubuhi ukausukuma wote mpaka kona ya upande wa Moza. Samaki wachache wakaelea matumbo juu. Mbuzi wakashuka kunywa kama siku zote.

Hawakufika zizini. Wa kwanza alianza kuyumba kama mlevi wa tembo, miguu ikipishana, kisha akaanguka na shingo ikajikunja nyuma mpaka pembe zikagusa mgongo. Alitetemeka mwili mzima, mate yakimtoka, macho yamekaza pasipo na kitu. Moza alimkumbatia akiita jina lake. Mbuzi hakumtambua. Alivuta pumzi kwa shida, akavuta tena, pumzi ikakatika. Wakati huo wa pili ameshaanguka, na wa tatu. Kabla uji wa asubuhi haujapoa, mbuzi saba walikuwa wamelala kwenye mchanga, na wawili waliochelewa kunywa wakilia juu yao.

Watu walikuja, wakaona samaki waliokufa, na neno la kwanza kutoka midomoni mwao likawa utupa. Ni mti ambao majani yake hupondwa na kutiwa majini, samaki wakalewa na kuokotwa kwa mkono. Serikali ilikuwa imepiga marufuku. Na nani hapo Tingi alikuwa bingwa wa utupa tangu ujana wake? Likwata.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kufa kwa samaki wa utupa, si mtu, si mbwa aliyekula matumbo. Kila mmoja pale alilijua hilo. Moza alilijua kuliko wote, kwani miaka sita aliyapondaponda majani hayo yeye mwenyewe, ameketi karibu na mumewe, wakicheka. Lakini alipowatazama mbuzi wake saba, kisha akatazama ng'ambo akauona ule moshi, moyo wake haukutaka kujua.

Barazani kwa liwali, Likwata alijitetea kwa maneno hayo hayo. "Bwana Liwali, samaki wa utupa tumewala tangu babu zetu. Nani amekufa? Na mwaka huu sijatia hata jani moja."

Liwali akamgeukia Moza. Akamuuliza kama alimwona mshitakiwa akitia kitu majini, au anadhani tu. Msahafu ulikuwa mezani, umefunikwa kitambaa cheupe.

Moza akaweka mkono. "Nilimwona kwa macho yangu haya mawili," akasema. "Alfajiri. Alikuwa na kikapu, akamimina upande wangu, akanawa mikono, akaenda zake."

Miezi kumi na minane jela. Likwata alipopitishwa mlangoni na askari alimtazama, na Moza akamtazama vilevile bila kupepesa. Alirudi nyumbani kwa miguu, akapika wali wa nazi akala peke yake, sahani mbili. Alikuwa na furaha, hana haja ya kuificha. Hakuna dawa iliyowahi kumwingia vizuri kama sura ya mwanamume yule akiondoka.

Mwaka ukazunguka. Oktoba ikarudi, joto likarudi, na ukijani ukarudi juu ya maji. Safari hii walikufa mbuzi wa majirani, na mbwa wawili, kwa kuyumba kulekule na shingo kukunjika kulekule. Watu wakaanza kutazamana. Likwata yuko jela Kilwa, anavunja mawe. Basi nani anayetia sumu?

Hapo ndipo Moza angeweza kunyamaza tu, na kunyamaza kungetosha. Lakini aliona macho ya watu yanaanza kumgeukia yeye, akaogopa, na hofu yake ikatoka kinywani kama hasira. "Si mkewe yupo?" akasema. "Alimfundisha."

Wakamfungia Samia mashimo. Hakuwa na mwanamume wa kumfukulia, na kila shimo alilopigia hodi aliambiwa hapana. Siku ya tatu alimfuata Moza mwenyewe, ndoo kichwani, midomo imepasuka.

"Dada Moza, naomba maji ya kunywa tu. Kweli mume wangu alitia sumu? Niambie wewe, mimi nitakuamini."

"Nilimwona kwa macho yangu haya," Moza akasema. "Na maji nenda kateke ulikoyaharibu."

Samia akateka bwawani. Alikuwa mwangalifu, masikini; aliutenga utando kwa kata, akayachuja maji kwa khanga, akayachemsha, kisha akanywa. Mchana huo wanawake waliokuwa wakirudi shamba walimkuta nje ya mlango wake, ametetemeka mpaka visigino vimechimba vishimo ardhini, midomo imekuwa rangi ya zambarau. Walimbeba kwa machela mpaka zahanati. Hakufa. Alipoamka alijua jina lake, alijua jina la mama yake, alijua kupika. Ila kila aliloambiwa leo, kesho halikuwepo.

Wiki mbili baadaye akaja Damiani, msaidizi wa bwana mifugo, Mmatumbi wa Kipatimu, kaptura imepigwa pasi hata huku porini. Alikuwa amechukua maji ya kijani kwenye chupa tangu mbuzi wa kwanza wa mwaka ule, akayapeleka yakapimwe. Aliwakusanya watu ukingoni, akawaamkia wazee, akaeleza.

"Wamedungwa panya maji haya, wakafa kwa dakika chache, kwa kifafa kama cha mbuzi wenu. Utando huu una uhai, unaota wenyewe maji yakitulia na jua likizidi. Mwaka mwingine hauna kitu, mwaka mwingine una sumu, na huwezi kuujua kwa macho. Sumu yake inakamata mishipa ya fahamu, na ubongo unaingia kifafa. Pumzi ikikatika muda mrefu, ubongo unakosa hewa, na sehemu yake moja inakufa hata mwenyewe akipona. Kuchemsha hakusaidii. Mchanga ndio unaowaokoa. Hakuna mtu aliyetia kitu humu."

Kisha mama mmoja akasema polepole, bila kumtazama mtu, "Lakini kuna aliyeona."

"Niliona nilichoona," Moza akajibu. Akabeba ndoo yake akaondoka. Kwenda kwa liwali kufuta kiapo kulimaanisha jela, na pia kulimaanisha kwamba Likwata ameshinda. La kwanza angelivumilia.

Masika ya 1952 Likwata akarudi, amekonda, nywele zimeingia mvi pembeni. Moza alimsikia akipiga hodi, akachukua panga akalilaza mapajani, akaketi kizingitini. Likwata aliliona panga akatabasamu kwa ubaya.

"Liweke. Ningetaka kukukata ningekukata. Ningetaka kukufunga, Damiani yuko tayari kunisemea kwa liwali. Lakini ungefungwa, ungetoka, ingekwisha. Mimi sitaki iishe."

"Unataka nini?"

"Mke wangu kila siku akiamka ananiona ananikimbia. Anadhani nimetoroka jela. Hataki chakula kutoka mkononi mwangu, ananiita mtia sumu. Neno la mwisho lililoshika kichwani mwake ni lako. Mimi nikimwambia haamini, Damiani akimwambia haamini. Utakuja wewe, utamwambia ulisema uongo. Na kesho atakuwa amesahau, kwa hiyo utakuja kesho. Na keshokutwa. Mpaka ufe, Moza."

Alikwenda. Siku ya kwanza alisema kwa kuuma meno, amesimama mlangoni. Samia alikuwa amejibanza nyuma ya mtungi, akimwogopa mumewe kama mtoto anavyoogopa mbwa.

"Sikumwona," Moza akasema. "Nilisema uongo. Hakutia kitu."

Samia akachungulia kutoka nyuma ya mtungi. "Kwa nini, dada?"

"Kwa sababu nilikuwa nakuchukia. Wewe na yeye."

Samia akalia. Kisha, jambo ambalo Likwata hakulitarajia hata kidogo, akamfuta Moza vumbi begani, akamvutia kigoda. "Maskini, umekaa nalo peke yako muda wote huo," akasema. "Nimekusamehe. Kaa unywe uji."

Likwata alitoka nje akapiga teke kuku. Alikuwa ameomba kisasi kila asubuhi, na kila asubuhi mkewe anakigeuza kuwa kifungua kinywa.

Ikawa hivyo kwa mwaka na zaidi. Moza anavuka ukingo wa bwawa, anakiri uongo wake, anaulizwa kwa nini, anajibu, Samia analia, anasamehe, wanakunywa uji. Mwanzoni Moza alihesabu ni adhabu. Baadaye akaanza kujikuta ameamka kabla ya jogoo. Akawa anapeleka karanga. Jirani mmoja akamtania kwamba sasa yeye ndiye mke mkubwa, na Moza, ambaye zamani angemrarua, akacheka. Hakumwambia mtu, lakini alilisubiri lile "nimekusamehe" kama mgonjwa anavyosubiri dawa yake. Kila siku alikuwa anaingia na dhambi na kutoka bila dhambi. Likwata alimchukia zaidi kwa hilo, akanyamaza, maana mkewe alikuwa anakula mkononi mwake mpaka jioni.

Asubuhi moja ya Juni Moza alifika akakuta Samia ameketi nje, anachambua mboga, na Likwata yuko karibu yake anatengeneza mpini wa jembe. Samia hakuwa amejibanza popote.

"Samia," Moza akaanza, "nimekuja kukuambia kwamba siku ile..."

"Hukumwona," Samia akasema.

Mkono wa Likwata ukasimama kwenye mpini.

"Ulisema uongo. Ulisema jana." Samia aliongea polepole, kama mtu anayepita juu ya gogo. "Na juzi. Juzi ulileta karanga. Nakumbuka karanga." Akaweka mboga chini. "Nilikusamehe mara ngapi?"

Furaha ilimpanda Moza ghafla, furaha ya kweli, kwa kuwa msichana yule alikuwa anapona. Akanyoosha mikono yote miwili kumshika.

Samia akarudi nyuma. "Nilikusamehe kwa sababu kila siku nilikuwa nasikia mara ya kwanza. Mtu akikuletea neno kama hilo mara ya kwanza, unalia, unamwonea huruma. Sasa nimekaa nalo usiku kucha. Nimekumbuka kiu. Nimekumbuka nilivyokuita dada. Usije tena hapa."

"Samia, mwenzangu..."

"Sikusamehi. Na kesho nitakumbuka kwamba sikukusamehe."

Likwata alirudia mpini wake akaanza kuukwangua, na Moza akazunguka bwawa kurudi kwake, ambako mbuzi wawili walikuwa wanamngoja awafungulie.