Silinda Kubwa ya Skuta ya Baba

Mwezi uliopita nilipita Bunda nikielekea Butiama kwenye msiba wa shangazi yangu. Basi liliposimama ili watu wanunue mahindi ya kuchoma, nikateremka kwenda kuangalia kama karakana ya fundi wetu wa skuta bado ipo. Haipo. Pale pana duka la simu. Kijana wa dukani aliniamkia, nikamwambia hapa alikuwaga fundi mmoja Mwislamu, mfupi, kofia yake nyeupe imejaa alama za vidole vya oili.

"Simjui, bibi," akasema. "Labda nilikuwa sijazaliwa bado."

Kweli, alikuwa hajazaliwa, na pengine hata mama yake. Nikarudi kwenye basi, na tangu siku hiyo, rafiki yangu, mambo haya hayanitoki kichwani. Acha nikusimulie.

Tulikuwa tunakaa Kigera, Musoma. Baba alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mama alikuwa mkunga. Skuta ile baba aliipata kwa mwalimu mmoja Mzungu aliyefungasha na kurudi kwao miaka michache baada ya Uhuru. Ilikuwa na rangi ya maziwa, imepauka, na mlio wake tuliujua tangu ikiwa mbali, sisi tukiwa jikoni tunatoa mchanga kwenye dagaa wa soko la Mwigobero au tunapepeta mtama. Mama akiusikia aliinjika maji ya ugali. Baba alipofika mlangoni, maji yalikuwa yanachemka.

Kisha ikaja miaka ya kuhamia vijijini. Watu walitolewa kwenye maboma yao ya zamani, wakapangwa kwa mistari, wengine mbali na maji na mbali zaidi na zahanati. Mwanamke akishikwa na uchungu, mtu alitumwa kumfuata mama. Baba aliomba ruhusa kazini, akampakia mama nyuma, mkoba wa vifaa akauweka chini katikati ya miguu yake, wakaondoka. Lakini kwenye vilima vya kuelekea Butiama injini ilikata tamaa. Mama alishuka, akapanda kwa miguu na mkoba kichwani, baba akisukuma. Siku moja walifika mtoto ameshazaliwa, ameshakufa, kitovu kimemzunguka shingoni.

Mama aliporudi alinawa mikono muda mrefu, mpaka maji ya ndoo yakaisha. Baba ndiye aliyesema, tukiwa tunakula.

"Hii injini ni ndogo kwa watu wawili. Nitaikuza."

Likizo ya shule ilipofika nikaenda naye Bunda, skuta imefungwa kamba juu ya lori la pamba. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na moja, na sikumbuki safari nyingine iliyonifurahisha kama ile. Fundi alitukaribisha kwa chai ya tangawizi na michembe, vile viazi vitamu vikavu vinavyokaa mdomoni muda mrefu. Akatandika gunia chini, akapanga silinda tatu, kila moja na pistoni yake.

"Hii ni saizi ileile uliyonayo, bwana karani. Hii ya kati imezidi kidogo, inaingia bila kukata kitu, na kilima utapanda na mama watoto. Hii ya tatu ndiyo kubwa. Lakini kubwa inataka nipanue mdomo wa injini, halafu inataka kabureta yenye jeti kubwa, ile ya kupitisha petroli nyingi. Jeti hiyo mimi sina. Nimeagiza Nairobi, haijafika."

"Na nikiifunga bila hiyo jeti?"

"Itakwenda. Ila petroli itakuwa haba, injini itapata joto. Mimi ningechukua ya kati."

Baba alizishika zote tatu, akizigeuza. Kisha akanigeukia mimi, anacheka.

"Wewe mama, unaonaje?"

Nilionyesha ile kubwa. Ilikuwa inang'aa kuliko zote, na mimi nilitaka baba yangu awe na kitu kikubwa.

"Umeona?" baba akamwambia fundi. "Hata mtoto ameona."

Fundi hakubisha tena. Alifanya kazi siku mbili. Alipanua mdomo wa injini kwa tupa, polepole, akisimama kila mara kupuliza vumbi la chuma. Alivisha pistoni ringi zake, akaipaka oili kama mtu anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha, akaishusha silinda juu yake kwa mikono miwili. Alipokaza nati nne za kichwani alianza na moja, akarukia ya upande wa pili, asikaze upande mmoja tu. Mwisho akampa baba maelekezo: wiki za kwanza twende taratibu, oili izidishwe kidogo kwenye petroli, na plagi ikaguliwe. "Ikiwa ya kahawia, sawa. Ikiwa nyeupe, joto limezidi, usikimbize. Nisubiri mimi na jeti."

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa ya raha. Vilima vilikuwa kama vimelala. Mama alirudi safarini anacheka, kitenge kimejaa vumbi, akitusimulia jinsi baba alivyolipita gari la mkuu wa wilaya. Jumapili tulikwenda na baba Mugango, ziwani, mmoja mmoja kwa zamu kununua sato, na jioni nyumba ilinuka samaki na limau. Mama mdogo, mdogo wake mama wa mwisho, alikuja kukaa kwetu wiki nzima. Alikuwa na mimba ya kwanza. Alinisuka nywele kila asubuhi na kuniimbia nyimbo za kwao, halafu baba akamrudisha kijijini kwake, upande wa Butiama, kwa skuta hiyohiyo.

Siku moja nilimkuta baba uani ameishika plagi. Ilikuwa nyeupe kama chokaa. Aliifuta kwa kitambaa, ingawa hapakuwa na kitu cha kufuta, akairudisha mahali pake.

Mtu aliyekuja kumwita mama alikuja mchana, kwa baiskeli, jasho linamtiririka. Alisema mama mdogo anatoka damu, haikatiki. Sikuwahi kumwona baba akiwasha skuta kwa haraka vile. Mama hakufunga hata kilemba. Niliusikiliza mlio wao mpaka ukapotea, na hata mimi mtoto nilijua kwamba hawaendi taratibu.

Yaliyotokea niliyajua kesho yake, mama alipoletwa na lori la pamba, uso umechubuka. Kwenye kilima cha mwisho injini ilinata. Pistoni ilipata joto, ikang'ang'ania ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likasimama ghafla, wakaanguka. Mama aliokota mkoba, akamwacha baba na skuta, akakimbia kwa miguu zaidi ya saa nzima. Alifika mama mdogo ameshakata roho. Mtoto naye hakutoka.

Fundi alikuja Kigera kuhani, amebeba kilo ya sukari kwenye gazeti. Alikaa na baba uani, wote wawili wanaangalia chini.

"Ulinieleza," baba akasema.

"Nilikueleza. Lakini nilipaswa kukataa kuifunga, bwana karani. Silinda ilikuwa mikononi mwangu."

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia ya chai. Nilitaka kusema kwamba ni mimi niliyeonyesha kidole. Sikusema. Nikaweka sinia chini, nikarudi jikoni.

Mama hakumlaumu baba hata siku moja, na nadhani hilo ndilo lililommaliza baba. Mama aliendelea na ukunga kwa miguu. Skuta ilikaa uani mpaka kuku wakataga chini yake. Baba hakuniuliza tena maoni yangu juu ya kitu chochote, hata nilipokuwa mtu mzima, nina watoto, nina kazi. Alikufa sijamwambia.

Mwezi uliopita, baada ya kumzika shangazi, nilikwenda kulitafuta kaburi la mama mdogo. Kile kijiji cha mistari hakipo. Amri ilipolegea watu walirudi walikotoka, nyumba zikaanguka, mvua ikazimaliza. Mume wake alihama zamani, hakuna ajuaye alikokwenda. Nilimkuta mzee mmoja anapalilia mihogo. Nikampa shikamoo, nikamweleza.

"Makaburi yalikuwepo huku, mama," akasema, akionyesha shamba zima kwa jembe. "Alikuwa anaitwa nani? Nikilisikia jina pengine nitakumbuka."

Nikafungua mdomo. Sisi tulimwita mama mdogo. Mama alisema mdogo wangu, na baada ya msiba hakumtaja tena. Baba alisema shemeji. Mzee alisubiri, ameegemea jembe. Kisha akainama akaendelea kupalilia.