Bomba la Kupimia Mvua Uani Kwangu

Miaka ile biashara ya mazao ilipofunguliwa, wanunuzi walianza kupanda milima kutufuata. Zamani tulikuwa tunawafuata sisi, tunashusha karoti na kabichi kichwani mpaka soko la Soni, tukifika tunapangiwa bei. Sasa wakaja wenyewe na magari yao. Mmoja, majina yake yote matatu ninayo kichwani ila hapa hayana kazi, akamwambia mwanangu alime zile njegere zinazoliwa na ganda lake. Zinapanda ndege, alisema. Lakini zikiingia ukungu zikawa na madoa, hazipandi kitu, zinarudi kulishwa mbuzi.

Ndiyo akaleta mtambo wa kupimia hali ya hewa. Ulitakiwa ukae mahali peupe, mbali na miti na moshi, na kwenye kilima chetu peupe ni uani kwangu. Fundi aliyekuja nao akazunguka, akasema bado hapajawa peupe. Mpeasi wangu ukakatwa. Kamba ya nguo ikahamishwa, banda la mbuzi likasogezwa, na mafiga yangu ya nje yakapelekwa nyuma ya choo, eti moshi unadanganya kipimo. Kisha wakasimika bomba la chuma, wakalimwagia zege. Juu yake wakafunga vikombe vya kuzunguka na upepo, mshale, na kikopo cha kukinga mvua.

Huo mshale ulitakiwa kwanza ulinganishwe na kaskazini. Fundi akajipapasa mifuko yote, dira ameisahau.

"Mama, kaskazini ni wapi hapa?"

"Kaskazini sijui, baba. Najua kibla."

Nikamwonyesha, maana siku za jua nilikuwa naswali papo hapo uani. Akatazama jua, akatazama mkono wangu, akacheka. "Huku kwenu ni karibu kitu kimoja." Mtambo ukafungwa kuelekea Makka, na vipimo vikawa sawa.

Ndani ya nyumba wakaweka kisanduku chenye kioo. Waya hakuna. Namba zinatoka kwenye bomba, zinapita hewani, zinatokea mezani. Asubuhi, mchana na jioni mtu azisome, ampigie simu mnunuzi, naye atasema lini wapige dawa. Sasa nani wa kuzisoma? Mwanangu yuko barabarani na mzigo, mkewe shambani, watoto shule.

"Si mama yupo," mwanangu akasema. "Na namba anazijua, alipita kisomo cha watu wazima."

Nilifurahi, sikatai. Mnunuzi akaweka sharti lake: zikikosekana hata siku moja, anahamishia mtambo kwa jirani, na njegere zetu hazichukui. Sote tukaitikia.

Haukupita muda, mama mmoja muuza viazi akaniletea salamu kutoka Mlola. Dada yangu anayekaa huko hainuki kitandani. "Anakuuliza wewe tu," akaniambia. Kwa mama yetu tulikuwa tumebaki wawili. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa shambani, na jina langu la utotoni alibaki yeye peke yake wa kuniita. Niliogopa atakufa mimi nasoma namba, na wakamwoshe watu wengine.

Jioni nikamwambia mwanangu.

"Mama, njegere ziko kwenye maua. Vuta subira kidogo."

Maua yakawa maganda. Nikamwambia tena.

"Sasa ndiyo kabisa, mama. Madoa yanaingia wakati huu."

Nikasema basi, nitakwenda na kisanduku. Nikakifunga kwenye kanga asubuhi nikashika njia, kila hatua nakifunua. Mpaka kwenye bomba la maji namba zipo. Nikapita kona, kioo kikaonyesha vistari vitupu. Nikarudi nyuma, namba zikaja. Nikaenda mbele, vistari. Wanawake waliokuwa wanateka maji wakaniangalia.

"Bibi, umepoteza kitu?"

"Nanyoosha miguu."

"Na hicho ulichobeba, mtoto?"

"Mtoto, ndiyo. Hataki kwenda mbali na mama yake."

Wakacheka sana. Mimi nikarudi nyumbani kusoma za mchana. Tangu siku hiyo nilikuwa nikijiona kama yule mbuzi anayefungwa kwenye kigingi: majani anayaona ng'ambo, na kamba ameshaijua inapoishia.

Salamu ya pili ilipokuja sikumwambia mtu. Nilikaa mlangoni natazama vikombe vinazunguka.

Kisha, siku mwanangu amechelewa kuteremka Soni, likasimama gari la kabichi kutoka Mlola. Mlango wa mbele ukafunguliwa, akateremshwa dada yangu, amefungwa mablanketi mawili, mwepesi kama ungo. Nikamkimbilia nikapiga goti. "Shikamoo dada." Aliitikia kwa kichwa. Mkubwa na mgonjwa amesafiri kumfuata mdogo mwenye afya! Majirani walikuwa wameshatoka nje.

Mwanangu akaja mbio. "Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Nimekuja kuiona hiyo mvua inayomzuia mtu kutoka hata isiponyesha."

"Mama mkubwa, si mvua, ni vipimo..."

"Ndiyo hicho?" Akalitazama bomba chini mpaka juu. "Hiki ndicho kilichomuoa mdogo wangu?"

Mtu akacheka nyuma ya ua. Mwanangu akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Nani atasoma sasa? Mimi nina mzigo Soni."

"Mzigo wako utaoza, na mimi nitaoza. Wewe chagua uanze kushughulikia upi."

Mwanangu akakaa kwenye kisiki cha mpeasi, halafu akanyoosha mkono kwangu bila kuniangalia. Nikampa simu ya kumpigia mnunuzi. Nikaingia ndani nikachukua kanga mbili na msala, nikapanda gari na dada yangu, dereva akasema kabichi zitasubiri, hata zikifika Soni jioni. Akageuza gari kurudi Mlola kwa ajili yetu wawili. Huyo naye jina lake ninalo.

Mvua ilitukuta Mlola siku ya pili, nikiwa nachambua maharage kando ya kitanda chake. Ilipiga bati mpaka tukawa tunasemezana kwa kelele.

"Milimita ngapi hiyo?" akaniuliza.

"Kamuulize mwanao."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Nikaweka ungo chini, nikamwinua, nikamsugua mgongo hadi kikaachia, nikamlaza ubavu wa pili.